Risasi zangu zote zinaangukia chini kushoto, nifanyeje?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 41, nina duka la jumla hapa Kilifi. Mwaka jana nilipata leseni nikanunua bastola ya milimita 9, Glock 19. Nimekwenda uwanja wa shabaha mara nne, na kila mara napiga risasi 50. Nalenga katikati ya karatasi kwa mita saba, lakini karibu zote zinaangukia chini upande wa kushoto, na nyingine zinatoka nje ya duara kabisa. Natumia mkono wa kulia. Mkufunzi mmoja aliniambia nilenge juu kulia kidogo ili zirudi katikati. Mume wangu anasema mikono yangu haina nguvu, nitafute bastola ndogo zaidi. Risasi ni ghali na sitaki kuzimaliza bure. Je, kuna mazoezi ya kufanya nyumbani?*

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kueleza kila kitu, hadi umbali na upande. Wengi huniandikia "sipigi vizuri", basi, nami nabaki kubahatisha.

Kabla ya lolote: usilenge juu kulia. Ushauri huo unanisikitisha, maana nimeusikia tangu ujana wangu na hadi leo unaharibu watu. Ukifunika kosa kwa kosa jingine, siku mkono wako ukitulia risasi itakwenda huko huko juu kulia ulikolenga, na hapo hutajua tena lipi ni lako na lipi ni la bastola. Tena karatasi yako imekwisha kutoa jibu. Vilengeo, vile vya kulengea juu ya bastola, vikiwa vimepinda, risasi hukusanyika pamoja vizuri, ila mahali si penyewe. Zako zimetawanyika, nyingine hata duara hazikuliona. Ukitaka kuwa na hakika, mwombe mtu mzoefu apige tano kwa bastola yako hiyo hiyo, mikono ikiwa imeegemea mfuko wa mchanga. Nina imani atazipeleka katikati. Chombo ni kizima, na kinachokusumbua kinatokea katika ile nusu sekunde kabla ya mlio.

Na hilo la mikono dhaifu, mwambie baba watoto kwa heshima kwamba sivyo. Nino Salukvadze wa Georgia alichukua dhahabu ya bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na mwaka 2024 alikuwepo Paris, Olimpiki yake ya kumi, akiwa na miaka 55. Rio mwaka 2016 alishindana michezo hiyo hiyo pamoja na mwanawe wa kumzaa. Na kwenye mashindano hayo bastola hushikwa kwa mkono mmoja tu, umenyooshwa. Nguvu inayotakiwa ni ya mtu anayebeba ndoo ya maji, na hiyo unayo. Bastola ndogo ingekuzidishia shida: ikiwa nyepesi hupiga teke zaidi, na vilengeo vyake vimekaribiana, kwa hiyo kosa dogo la mkono huonekana kubwa kwenye karatasi. Kaa na uliyonayo.

Sasa tuitazame hiyo nusu sekunde. Glock 19 ikijaa risasi haifiki kilo moja. Triga yake, kile kifyatulio kinachovutwa kwa kidole, mpaka iachie, inataka nguvu ya karibu kilo mbili na nusu. Wewe ni mwenye duka, basi chukua pakiti ya sukari ya kilo moja, iweke mezani, uisukume kwa kidole kimoja kwa nguvu ya kilo mbili na nusu, kisha nikwambie isisogee hata unywele. Hiyo ndiyo kazi tunayokipa kidole. Bastola za upepo za Olimpiki, zile za mita 10, zinaruhusiwa triga ya gramu 500 tu, na bado wenyewe hufanya mazoezi ya kidole miaka nenda miaka rudi. Kwa mtu wa mkono wa kulia, kidole kikivuta kwa pupa huusukuma mtutu kushoto. Vidole vingine vitatu vikijikunja pamoja nacho, na kifundo cha mkono kikaangukia mbele kwa kuungojea mlio, mtutu unainama. Kushoto na chini. Ndiyo karatasi yako hiyo.

Watu husema "minya triga kama unavyominya ndimu". Mfano huo siupendi, kwani ndimu huminywa kwa kiganja kizima, na hilo hasa ndilo kosa lenyewe. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi wangu wafikirie tasbihi: punje moja inasogezwa, mkono wote umetulia. Kidole kinatembea peke yake, moja kwa moja kuelekea nyuma, kwa mwendo ule ule tangu kinapogusa hadi mlio, bila kusimama katikati na bila kukurupuka mwishoni.

Kwa nini basi kidole kinakurupuka? Kwa sababu mwili unajua kinachokuja. Wengi hudhani teke la bastola ndilo linalopotosha risasi. Lakini risasi ya milimita 9 hutoka kwenye mtutu mfupi kama huo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Teke ulisikialo mkononi linakukuta risasi imekwisha kwenda zake. Kilichoipotosha ni woga wa teke, uliofika kabla ya teke lenyewe.

Nikupe kisa kimoja. Niliwahi kumfundisha kijana, mlinzi wa gari la kubeba fedha, aliyeapa kwamba yeye hashtuki. Nikaichukua magazini yake, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, pembeni nikachanganya risasi nne za kweli na mbili bandia, zile za plastiki zisizo na baruti, kwa mpangilio asioujua. Mbili za kwanza zililia. Ya tatu ilikuwa bandia: tik! Mtutu ukainama vidole vitatu, kama jogoo anayedonoa mtama. Hapakuwa na mlio wala teke. Ni mwili wake tu uliokuwa unapigana na kitu ambacho hakikutokea. Akaitazama bastola, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mimi?" Nikamwambia ni wewe, na ni sisi sote tulipoanza. Mwezi uliofuata alipokutana na bandia mtutu ulibaki umetulia, nami nilifurahi kuliko yeye.

Kabla sijafika kwenye mazoezi ya nyumbani, tuseme habari za jicho, maana wengi hushikilia jambo lisilo lenyewe. Mbele ya bastola yako kuna kijino, nyuma kuna pengo. Kijino kikae katikati ya pengo, mwanga wa kulia ulingane na wa kushoto, na ukingo wa juu wa kijino uwe sawa na kingo za pengo. Kwako kijino kina doa jeupe. Lisikuvutie hilo, tazama ukingo wa juu. Kutoka kijino hadi pengo la Glock 19 ni kama sentimita 15. Kijino kikihama milimita moja tu ndani ya pengo, kwa mita saba risasi itahama karibu sentimita tano, na kwa mita kumi karibu saba. Lakini mkono wako wote ukitikisika sentimita moja, huku kijino na pengo vimebaki sawa, risasi nayo itahama sentimita moja tu.

Ukilielewa hilo, nusu ya wasiwasi wako itaondoka. Mkono kutikisika si kitu. Wa kila mtu unatikisika, hata wa bingwa. Anayeanza huona kijino kinacheza juu ya shabaha, akangojea kipite katikati, kikipita tu akavuta, "sasa!" Hiyo "sasa" ndiyo inayotupa risasi chini kushoto. Uache mkono utikisike taratibu, ulinde kijino ndani ya pengo, na kidole kiendelee na safari yake.

Jicho haliwezi kuona wazi vitu viwili vya umbali tofauti kwa wakati mmoja. Chagua kijino. Kionekane kikali kabisa, uone hata vumbi juu yake, na karatasi ya mbele iwe na ukungu. Mwanzoni roho haikubali, utatamani kuchungulia tundu limeingia wapi, nawe ukichungulia tu kichwa kinanyanyuka na mkono unafuata. Kwa umri wako huenda macho yameanza kusumbua kwa vitu vya karibu. Kama kijino hakikai wazi hata ukijitahidi, mwone mtaalamu wa macho na umwambie unataka kuona vizuri kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, si wa kusomea. Jua pia jicho lako kuu ni lipi: unganisha viganja uache kitundu kidogo, itazame saa ya ukutani kupitia hapo macho yote mawili yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo saa haikulitoroka ndilo kuu. Likiwa la kushoto na mkono wako ni wa kulia, usihangaike, geuza uso kidogo bastola ije mbele ya jicho hilo.

Kuhusu kushika: mkono wa kulia upande juu kabisa ya mpini, ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada isiache nafasi chini ya mkia wa bastola. Kiganja cha kushoto kizibe sehemu ya mpini iliyobaki wazi, vidole vyake vifunike vya kulia, na gumba zote mbili zitazame mbele. Gumba lisikae kamwe nyuma ya slaidi, lile gamba la juu linalokwenda nyuma na mbele, kwa kuwa litakukata. Mkono wa kushoto ndio ubane zaidi. Wa kulia ukikaza mno, kidole cha triga nacho kinakakamaa. Bana kama unavyoshika mwiko sima inapokuwa nzito: imara, lakini mishipa haitetemeki. Miguu iachane upana wa mabega, uzito uegemee mbele kidogo. Pumzi isikushughulishe sana kwa mita saba. Ukishatoa pumzi kuna kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine, pigia hapo, na ikipita sekunde kama nane hujapiga, shusha bastola upumue uanze upya. Kulazimisha ndiko kunakozaa ile "sasa".

Haya, nyumbani. Jibu ni ndiyo, na kwa kweli kazi kubwa inafanyika huko, bila risasi hata moja. Mimi na wenzangu huita mazoezi makavu. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu, kwa sababu watu wameua watoto wao kwa bastola waliyokuwa na hakika kwamba ni tupu. Jeff Cooper, mwalimu wa bastola wa Marekani, aliacha kanuni nne ambazo nazifuata kila siku: kila bastola ihesabu ina risasi; mtutu usielekee kitu usichokuwa tayari kukiharibu; kidole kisiguse triga mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha; na ijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Mazoezi makavu hayazifuti hata moja.

Fanya hivi. Chagua chumba kimoja na ukuta mmoja, wa matumbawe au matofali yaliyojaa, si mbao wala jipsamu, na nyuma yake pasiwe chumba cha watoto wala njia ya watu. Toa magazini kwanza. Vuta slaidi nyuma uishikize hapo, utazame ndani ya chemba, kile chumba risasi inapokaa ikingoja kupigwa, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo upapase. Jicho hudanganyika, kidole hakidanganyiki. Utaratibu huu urudie mara mbili: magazini kwanza, chemba baadaye. Ukianza na chemba halafu ukarudisha slaidi magazini ikiwa bado ndani, umejipakilia risasi mwenyewe. Risasi zote zipeleke chumba kingine ufunge mlango. Simu izime. Akikuita mtu katikati ya zoezi, ukirudi anza ukaguzi upya tangu mwanzo. Na ukimaliza sema kwa sauti, "Mazoezi yamekwisha," kisha fungia bastola sefuni hapo hapo. Sauti hiyo ina maana yake: ajali nyingi za mazoezi makavu hutokea mtu alipokwisha kumaliza, akairudishia risasi, halafu akataka "moja ya mwisho".

Glock haiharibiki kwa kubonyezwa ikiwa tupu, ila ukiwa na risasi bandia chembani ni bora zaidi. Bastola za risasi ndogo za .22 ndizo zisizopaswa kupigwa tupu, kwa sababu sindano yao hugonga ukingo wa chemba. Kila ukibonyeza, kwako triga itabaki nyuma, kwa hiyo vuta slaidi kidogo tu ili ijitege tena.

Wiki mbili za kwanza usiweke shabaha yoyote ukutani. Ukuta mtupu, rangi moja. Hakuna cha kukosa, kwa hiyo hakuna cha kukimbilia, na macho yako yatakuwa na kazi moja, kukitazama kijino. Nyosha mikono, panga kijino ndani ya pengo, peleka kidole nyuma taratibu huku ukihesabu hadi nne moyoni. Tik. Sasa usishushe bastola. Hesabu mbili zaidi ukiwa bado unatazama: kijino kilikwenda wapi wakati wa tik? Kikibaki palepale, hiyo ilikuwa risasi nzuri. Kikiruka kushoto, umeiona kwa macho yako bila kulipa shilingi. Ishirini nzuri kwa siku zinatosha. Dakika kumi, siku tano za wiki. Ukichoka acha, maana mkono uliochoka unajifunza makosa.

Wiki ya tatu tafuta sarafu ya shilingi kumi na mtu wa kukuwekea. Ailaze juu ya slaidi karibu na kijino akiwa amesimama ubavuni mwako, asipite mbele hata kama bastola ni tupu. Bonyeza sarafu isianguke. Ukifikisha kumi mfululizo, kidole chako kimeanza kusikia.

Nakuomba uwe na daftari. Andika tarehe, mibonyezo mingapi, mingapi ilitulia. Kumbukumbu ya mtu humpendelea mwenyewe.

Halafu uwanjani. Zile risasi 50 zinatosha mwezi mzima ukizigawa vizuri. Usianzie mita saba. Anzia tatu, naam, tatu, na karatasi ya kawaida iliyokunjwa mara nne. Piga tano tu, uweke bastola chini, ukatazame. Usijali ziko wapi, jali zimekaribianaje. Tano zikifunikwa na kisahani cha chai, rudi nyuma hadi mita tano. Zikitawanyika usiendelee kupiga ukitumaini mambo yatajirekebisha. Toa magazini, vuta slaidi, hakiki chemba, piga kavu kumi pale pale uwanjani ukielekeza kwenye tuta, ndipo urudi kwenye risasi. Kila safari mwombe mtu akupangie magazini mbili zenye bandia ndani bila wewe kuona. Hicho ndicho kioo chako. Siku bandia ikija na kijino kikabaki palepale, jua umepona.

Linda masikio, na hili watu wengi hulipuuza. Mlio wa bastola unapita desibeli 140, unaumiza sikio kwa mara moja, na kwa uzoefu wangu kelele ndiyo inayofundisha mwili kushtuka kuliko teke lenyewe. Vaa vizibo vya ndani na vifuniko vya nje juu yake, vyote kwa pamoja. Nimeona wanafunzi ambao nusu ya mshtuko wao uliisha siku hiyo hiyo. Miwani pia, kwa ajili ya maganda yanayoruka. Na ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chakula, kwani kwenye vumbi lile kuna yale madini yaitwayo risasi, nayo ni sumu, na una watoto nyumbani.

Huenda utaonyeshwa ule mchoro wa duara lililogawanywa vipande, kila kipande kimeandikwa kosa lake. Ulitengenezwa kwa watu wanaopiga kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili unasaidia mara nyingine na kupotosha mara nyingine. Utazame ukipenda, lakini amini bandia kuliko mchoro.

Utapiga mbaya, na itakuuma. Kwenye fainali ya bastola ya mita 50 Rio mwaka 2016, Jin Jong-oh wa Korea Kusini, aliyekuwa na dhahabu mbili za mchezo huo, alipata 6.6, alama ambayo kwa fainali ya Olimpiki ni msiba. Akaendelea kupiga moja baada ya nyingine hadi akachukua dhahabu ya tatu. Sijui njia nyingine ya kuishughulikia risasi mbaya isipokuwa hiyo: iandike daftarini, pumua, panga kijino.

Fanya wiki sita za makavu na safari moja ya uwanjani kila mwezi. Kisha niandikie tena, uniambie bandia ngapi zilikukuta umetulia na ngapi zilikuinamisha, na unitumie picha ya karatasi ya kwanza ya siku hiyo, si ile iliyotoka vizuri kuliko zote.